Mazoezi ya Mieleka Nyumbani kwa Kutumia Sanamu: Ushauri kwa Wanagenzi

Anayeanza kujifunza judo, mieleka au jujutsu ya Kibrazili hugundua mapema kwamba michezo hii humhitaji mtu wa pili, na kwamba mtu huyo hapatikani kila jioni anapotaka kufanya mazoezi. Ndipo wengi hununua au hushona sanamu la mazoezi, yaani umbo la mtu la kitambaa lililojazwa nguo kuukuu au vitu kama hivyo. Baada ya kulitumia kwa muda mrefu na kuwaona wanafunzi wakilitumia vizuri na vibaya, msimamo wangu ni kwamba sanamu hukufundisha kuutawala mwili wako mwenyewe, yaani mahali pa kuweka uzito, nyonga na miguu, ilhali habari za mpinzani utazipata kwa mpinzani tu.

Kabla ya kulipata, amua utalifanyia kazi gani. Lililonyooka, lenye mikono na miguu inayoning'inia, hutumika kwa mbinu za kubwaga. Lililokunjwa magoti na kunyoosha mikono mbele hufaa mbinu za kupambana chini, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalomfaa mwanagenzi. Usitafute sanamu lenye uzito sawa na wako. Mtu anayeinuliwa hukaza kiwiliwili na hukushikilia, lakini sanamu hulegea na uzito wake wote huvuta kuelekea chini, kwa hiyo la kilo 30 linaweza kuuchosha mgongo kuliko ulivyotarajia. Kwa anayeanza, kilo 20 hadi 30 zinatosha kabisa.

Ukilishona mwenyewe, tumia turubai au kitambaa kingine kigumu, ulijaze nguo kuukuu zilizokatwakatwa, ukizishindilia kwa kijiti kuanzia miguuni kwenda juu. Usilijaze mchanga mtupu, kwa sababu mchanga huteremka, hupenya kwenye mishono, na hulifanya sanamu kuwa gumu kiasi cha kukuumiza mbavu unapoliangukia. Ukihitaji uzito zaidi, funga mchanga kidogo katika mfuko imara, uuzungushie vitambaa vingi na kuuweka katikati ya kiwiliwili. Hata nguo hushuka kadiri siku zinavyopita, na shingo ndiyo hulegea kwanza. Hapo kila kabali unayoipiga huonekana imekaa sawasawa, ingawa kinachobanwa ni kitambaa kitupu. Fungua mshono ujaze upya. Livishe pia koti kuukuu la mazoezi pamoja na mkanda, ili mikono yako izoee kushika kola na mikono ya koti.

Chukua mfano wa kutoka ubavuni, yaani ukiwa umemlalia mpinzani kutokea upande, hadi kuukunja mkono, yaani kukilazimisha kiwiko kipite kikomo chake. Lilaze sanamu chali, ulilalie kifua kwa kifua, kisha inua magoti yako kutoka mkekani na usukume kwa vidole vya miguu, mpaka uhisi uzito wako wote umehamia juu yake. Telezesha goti moja juu ya tumbo lake, ulikalie, ulibane kwa magoti pande zote mbili. Kumbatia mkono mmoja wa sanamu kifuani pako, egemea mbele, panda unyayo karibu na kwapa lake, pitisha mguu wa pili juu ya kichwa, kisha keti taratibu ukiwa umebana magoti yako. Sasa tulia hapo hapo na ujikague: je, kati ya makalio yako na bega la sanamu kuna nafasi ya kupitisha ngumi? Ikiwapo, mtu hai angekwisha kukichomoa kiwiko chake. Rudi ubavuni urudie. Ukaguzi wa namna hii mwenzako hana subira ya kukungojea uufanye, na hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya sanamu.

Mbinu za kubwaga ni suala jingine. Katika judo, mchezo ulioasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, hatua ya kwanza ya kumwangusha mtu ni kumvunjia mizani, hatua inayoitwa kuzushi. Kuingia na kubwaga hufuata baadaye. Sanamu halina mizani ya kuvunjwa, kwa sababu halijisimamii wala halirudishi mguu nyuma unapolivuta. Unaweza kulitumia kuzoea mzunguko wa nyonga na kuinama kwa magoti, lakini usidhani kwamba kwa kulibwaga mara nyingi umejifunza kumbwaga mtu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni usalama wa wenzako. Sanamu haligongi mkeka kuashiria kwamba limeshindwa, na mkono wake hukunjika kuelekea kokote, hivyo anayefanya mazoezi peke yake huzoea kuumalizia mkunjo kwa kishindo. Mkunjo wa bega unaoitwa kimura ulipata jina hilo kutoka kwa mwanajudo Kimura Masahiko wa Japani, ambaye mwaka 1951 aliuvunja mkono wa Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujutsu ya Kibrazili, mjini Rio de Janeiro kwa mbinu hiyo hiyo. Kiungo cha mtu kinaweza kuumia kabla hajapata nafasi ya kugonga. Kwa hiyo, unapofika mwisho wa mbinu, kaza polepole kwa kuhesabu hadi tatu, shikilia, kisha achia; fanya hivyo kila mara, hata ukiwa umechoka, ili mikono yako isijue namna nyingine.

Tandika mkeka mzito, uondoe samani zilizo karibu, na upashe mwili moto kama ungekuwa ukumbini. Dakika 20 za mbinu moja, kwa upande wa kulia na wa kushoto, zina faida kuliko saa nzima ya kurukaruka kati ya mbinu nyingi. Weka simu pembeni ikurekodi, kwa maana nyonga unayodhani iko chini mara nyingi huwa juu. Kisha, wiki hiyo hiyo, ijaribu mbinu hiyo kwa mwenzako chini ya macho ya mwalimu, na hatua iliyokwama ndiyo uirudishe nyumbani. Ikianza kufaulu dhidi ya mtu anayepinga kwa nguvu zake zote, iondoe kwenye ratiba ya sanamu na umwombe mwalimu akuchagulie inayofuata.