Ukipunguzwa kazi Texas, omba wiki hiyohiyo

Ijumaa moja jioni, kabla hatujavua vizibao vya njano, msimamizi alitukusanya karibu na mlango wa malori. Mzigo umepungua, akasema, nendeni nyumbani mtapigiwa simu. Nikarudi zangu Arlington, nikakaa kimya wiki tatu kwa aibu. Niliamini mambo mawili: kwamba mafao ya kukosa kazi ni sadaka, na kwamba nikiyagusa, faili langu la uhamiaji litaingia doa. Yote mawili si kweli, na yalinigharimu wiki tatu za malipo, kwa sababu Texas dai lako huanzia Jumapili ya wiki uliyoomba.

Sadaka gani? Hii ni bima. Chimbuko lake ni sheria ya Social Security ya 1935, na hapa Texas anayeichangia ni mwajiri. Kwenye cheki yako haikatwi hata senti. Ndiyo maana mbeba boksi mwenye W-2, fomu ya mshahara ya mwajiriwa, yumo, na dereva wa teksi za mtandaoni anayepewa 1099, fomu ya anayejitegemea, kwa kawaida hayumo. Na zile kanuni za uhamiaji za 2022 kuhusu wanaotegemea misaada ya serikali haziihesabu bima hii. Kinachotakiwa ni kibali halali cha kazi, wakati ule ulipofanya kazi na sasa unapodai.

Hesabu yenyewe inachanganya, basi twende taratibu. Chukua robo mwaka tano zilizokamilika kabla hujaomba, weka kando ile ya mwisho, zilizobaki nne ndizo idara ya jimbo inayolipa mafao inazoangalia. Ukiomba Mei, wanatazama Januari hadi Desemba ya mwaka jana; ovataimu ulizopiga Februari hii hazimo. Robo yenye pesa nyingi kuliko zote inagawanywa kwa 25. Kama ni dola 7,500, malipo yako ni dola 300 kwa wiki. Lakini lazima uwe umelipwa katika zaidi ya robo moja, na jumla ya zote nne ifike mara 37 ya hizo 300, yaani dola 11,100. Aliyetua juzi asishangae akikosa.

Sasa roho ya jambo: kwa nini uliondoka. Ukipunguzwa, unapata. Ukiacha mwenyewe bila sababu nzito inayohusu kazi, au ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hupati. Mimi nilijaza kwamba nimepunguzwa. Mwajiri akajaza kwamba nimeacha. Barua ya kukataliwa ilikaa siku sita kwenye sanduku letu, chini ya matangazo ya pizza, mpaka mke wangu alipoifungua akaniuliza, "Baba watoto, hii umeiona?" Rufaa ni siku 14, na zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ulipoishika. Nikakata rufaa usiku uleule mtandaoni.

Kesi inasikilizwa kwa simu, chini ya kiapo. Niliomba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Kiingereza changu cha kununulia mkate ninacho, ila pale si mahali pa kubahatisha. Kilichoniokoa ni meseji ya msimamizi ya Jumapili usiku: kesho hakuna kazi, tutawaita. Nakala yake niliituma mapema kwa afisa anayesikiliza kesi na kwa mwajiri pia, maana upande wa pili lazima uone ushahidi wako. Kwa hiyo usifute meseji za kazini, hata za mtu usiyempenda.

Na muda wote wa rufaa niliendelea kuomba malipo kila baada ya wiki mbili, ingawa haikuingia senti. Jamaa zangu walinicheka. Niliposhinda, wiki zote nilizoomba zikalipwa kwa mkupuo.

Mengine ni ya kufuata tu. Jiandikishe WorkInTexas.com, tovuti ya jimbo ya kutafuta kazi, ndani ya siku tatu za kazi tangu uombe, na uwe na daftari la kazi unazotafuta: tarehe, kampuni, uliombaje. Idadi ya kila wiki inategemea kaunti yako. Walioajiriwa kupitia wakala wa vibarua, zamu ikiisha pigeni simu kuomba nyingine kabla ya kudai, la sivyo mnaweza kuhesabiwa mmeacha wenyewe. Ukipata kibarua, kitaje kwa pesa kabla ya makato, kwenye wiki uliyofanya kazi, si wiki uliyolipwa. Mwenye mafao ya 300 anaweza kuingiza dola 75 kwa wiki bila kupunguziwa. Kuficha usijaribu: waajiri wanatoa taarifa za mishahara, na ukikamatwa unarudisha zote na asilimia 15 juu yake.

Halafu kuna kodi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayahesabu mafao haya kama kipato, na unaweza kuomba wakukate asilimia 10 mapema. Mimi niliona wananipunguzia bure, nikakataa. Aprili ilipofika nikamkopa shemeji, na mpaka leo tukikutana kwenye harusi haachi kunikumbusha.