Kwa nini homa ya ini ifuatwe maskani: jibu kutoka Malindi

Ndugu uliyeanzisha uzi huu umeuliza kama ni haki kuwatibu bure homa ya ini aina ya C vijana wanaojidunga unga (heroini) hapa Malindi, ilhali wazazi wao hununua dawa kwa fedha zao. Mimi ni miongoni mwa wahudumu wanaowafuata vijana hao maskani, yaani vijiweni wanakokusanyika kujidunga, basi nitajibu kwa niliyoyaona.

Virusi hivi hupita kwenye damu, na sindano moja ikishazunguka kikundi, imetosha. Mtu anaweza kukaa navyo miaka 20 asihisi lolote, ini likiliwa polepole. Tumbo linapojaa maji ndipo familia inapoanza kulipa: kulazwa, kupelekwa Mombasa, kuchangisha ukoo, hata kuuza minazi. Tiba ni vidonge vya sofosbuviri na daklatasviri, kila siku kwa wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa hupona kabisa. Mwaka 2013 kidonge kimoja cha sofosbuviri kiliuzwa Marekani dola 1,000. Tangu viwanda vya India na Misri vianze kuitengeneza, bei imeporomoka mno. Anayelinganisha gharama ya vidonge na ile ya kulazwa hahitaji mchumi.

Unasema waje hospitalini wenyewe. Baadhi huja, hasa wanaokunywa methadoni (dawa ya kuwasaidia kuacha unga) kila siku kwenye kliniki iliyofunguliwa 2015, na hao ni rahisi kuwapa vidonge papo hapo. Wengine hawaji, kwa kuwa wakionekana kwenye foleni kila mtu hushika mkoba wake. Kijana mmoja hakuwa na pa kuhifadhi dawa, maana maskani kila kitu huibwa. Chupa ikakaa kwa muuza kahawa, naye akawa anampa kidonge kimoja na kikombe cha kahawa tungu kila asubuhi hadi akamaliza. Nyumbani walikuwa wamemtengea sahani, ingawa ugonjwa huu hauambukizi kwa chakula. Majibu yalipotoka safi, mama yake alimrudisha kwenye sinia, na nahodha aliyemkataa akampa nafasi ya kuvuta nyavu. (Sisemi ameacha unga; hilo ni suala jingine.)

Umeuliza pia kama aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Anaweza, kwani kupona hakuachi kinga, na chanjo ya aina ya B ipo, lakini ya C haipo. Ndiyo sababu tukienda maskani tunabeba vipimo pamoja na sindano safi.