Ngiri ya mtoto wa miaka 3: maziwa ya usiku, kamasi na nusu kaputi

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 3. Amepangiwa upasuaji wa ngiri ya kinena wiki ijayo, saa 2 asubuhi. Tumeambiwa asile kitu usiku, lakini huyu halali bila chupa ya maziwa, na huamka katikati ya usiku kuidai. Akinywa kidogo atadhurika? Halafu tangu juzi anatoka kamasi. Bibi yake anasema tusubiri, ngiri itarudi yenyewe akikua, na kwamba nusu kaputi hupunguza akili ya mtoto. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Mama, bibi ana haki kidogo kuhusu kusubiri, ila nadhani anazungumzia kitovu. Kitovu kilichotokeza mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya miaka 4 au 5, na wengi huachwa tu. Ngiri ya kinena ni habari nyingine. Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake hushuka kupitia kijia kinachopaswa kuziba baadaye. Kisipoziba, utumbo hupenya humo. Ukinasa, damu haiufikii vizuri, na upasuaji mliopangiwa kwa utulivu unakuwa wa dharura. Kwa hiyo ukiona uvimbe umekuwa mgumu, haurudi ndani, mtoto analia au anatapika, usingoje wiki ijayo. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Sasa maziwa, maana hapa ndipo wazazi wengi hutuponyoka. Mtu akiwa macho, kitu kikimpanda kutoka tumboni, hukohoa na kukitema. Chini ya nusu kaputi kinga hiyo nayo imelala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Na maziwa, mama, si maji: yakifika tumboni huganda na kukaa muda mrefu. Ndiyo sababu maziwa ya kopo na ya ng'ombe tunayahesabu pamoja na chakula, na tunataka saa 6 kamili zipite. Maziwa ya mama hutoka upesi zaidi, saa 4 zinatosha. Maji matupu, saa 2, na siku hizi zipo hospitali zinazoruhusu hata saa 1.

Kwa upasuaji wa saa 2 asubuhi, maana yake chupa ya mwisho iwe imekwisha kabla ya saa 8 usiku, na maji anaweza kunywa mpaka saa 12 asubuhi. Lakini kama hospitali yenu imekupa saa zake, fuata zao, na uulize waziwazi kuhusu maji, maana wazazi wengi huwanyima watoto hata maji usiku kucha bila sababu. Mtoto mwenye kiu hulia sana, na mshipa wake ni mgumu kuupata. Anza leo kumzoesha: akiamka usiku, mpe maji kwenye chupa ileile. Atagomba. Agombe sasa kuliko usiku wenyewe. Na ikitokea shangazi amemwonea huruma akampa maziwa alfajiri, tuambie. Hakuna atakayekugombeza, tutasogeza saa tu. Kinachonitisha mimi ni mzazi anayenyamaza.

Kamasi je? Kama ni nyepesi, hana homa, anacheza na kula kama kawaida, huenda tukaendelea. Ikiwa ni nzito, ana homa, anakohoa kwa kifua au anakoroma akipumua, njia yake ya hewa imechokozeka na inaweza kubana ghafla wakati wa usingizi. Hapo kwa kawaida tunaahirisha wiki 2 hadi 4. Pigia hospitali simu kabla ya siku, usimpe dawa ya mafua ili kuficha dalili.

Kuhusu akili: mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto wachanga waliofanyiwa upasuaji wa ngiri hiihii. Baadhi walipewa nusu kaputi ya chini ya saa moja, wengine ganzi ya mgongo wakiwa macho. Walipofika miaka 5 walipimwa akili, na hakukuwa na tofauti ya maana. Tahadhari ya mamlaka ya dawa ya Marekani ya mwaka 2016 inahusu usingizi wa zaidi ya saa 3, au unaorudiwarudiwa, kwa walio chini ya miaka 3. Upasuaji wa mwanao kwa kawaida hauvuki saa moja.

Ukiruhusiwa kuwa naye mpaka alale, utaona macho yakipinduka, mikono ikirukaruka, na pumzi ikikoroma. Ndivyo usingizi wa dawa unavyoingia, mbusu, utoke. Kuamka ndiko kunakowaliza mama wengi: watoto wa umri huu wengine huamka wakipiga mateke, hawakutambui, hawataki kushikwa. Mara nyingi hupita ndani ya nusu saa, na mwenyewe hatakumbuka. Asidanganywe kwamba mnakwenda kutembea. Siku moja kabla, mwambie kwa maneno machache kwamba daktari atatengeneza uvimbe akiwa amelala, na mama atakuwepo akiamka.

Nyumbani, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoandikiwa, kwa saa zake, siku mbili za kwanza, bila kungoja alie. Aspirini usimpe kabisa. Mfuko wa korodani kuvimba kidogo ni kawaida. Kidonda kikiwa chekundu na cha moto, kikitoa usaha, akipata homa au akatapika mfululizo, mrudishe. Baiskeli na kuruka kitandani, muulize daktari aliyempasua. Kukimbia ndani ya nyumba hutaweza kumzuia hata ukijaribu.