Tuandikeni kwenye daftari la wachezaji

Swali la wiki linauliza halmashauri zifanye nini ili mabonanza na viwanja vya umma viwafae pia watu wenye ulemavu. Najua wengi watajibu rampu. Mimi naanza na lango.

Uwanja wa kwetu una kimlango cha watu, na katikati yake vimesimikwa vyuma viwili vya kuzuia bodaboda. Bodaboda kweli hazipiti. Na mimi sipiti. Polio ilinipata nikiwa na miaka miwili, natembelea baiskeli ya matairi matatu ya kuendesha kwa mikono. Lango kubwa lipo, lakini lina kufuli, na mwenye ufunguo siku zote "ametoka kidogo". Siku ya bonanza hufunguliwa gari la mgeni rasmi linapofika. Basi nimejifunza: nangoja kando ya barabara, nikiona vumbi najipanga nyuma. Mara mbili sasa nimeingia uwanjani kwenye msafara wa mheshimiwa.

Ukishaingia ndipo unapokutana na shida yenyewe. Unapokewa kwa heshima zote, unapelekwa chini ya turubai, unapewa maji ya chupa. MC anatangaza kwamba "ndugu zetu walemavu nao wapo", watu wanapiga makofi. Kisha unakaa hapo hadi saa sita ukiwatazama wenzako wakifukuza kuku. Jina lako liko kwenye karatasi ya mahudhurio. Daftari la timu halikujui. Na mimi angalau nilisikia tangazo. Jirani yangu ni kiziwi: aliliona gari la matangazo likipita na spika zake juu, akaja kuniuliza kwa ishara kuna nini.

Yale maji huwa narudi nayo nyumbani. Choo cha uwanjani kina ngazi mbili, kama sentimita 30 kwenda juu. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila moja ya kupanda, kwa hiyo rampu ilitakiwa ifike mita 3.6. Fundi ameweka mita moja. Ile ni ya watoto kutelezea. Kwa sababu hiyo, bonanza likiwa Jumamosi, Ijumaa jioni ndiyo mwisho wangu wa kunywa chochote.

Lakini mwaka jana, kwenye kuvuta kamba kwa wanawake, timu ya mtaa wetu ilipungukiwa mtu mmoja. Mwalimu wa michezo aliyekuwa mwamuzi alinitazama mikono, akasema, "Dada, shuka." Akaamuru timu zote mbili zikae chini. Manung'uniko yalikuwepo, maana nani anataka kukalisha dera jipya kwenye vumbi? Wenzangu wa mbele wakashindilia visigino, mimi nikawekwa mkiani. Mikono hii imezungusha pedeli miaka 29. Tulivuta raundi mbili tu, mchezo ukaisha. Tulishinda kilo tano za sukari tukagawana kwa kikombe, na halmashauri haikutoa hata shilingi ya ziada.

Ninachoomba ndicho alichofanya yule mwalimu, ila kifanyike mapema, ratiba inapopangwa, na sisi tukiwa kwenye kikao. Mwamuzi akishika kibendera pamoja na filimbi, kiziwi anacheza mpira. Asiyeona anakimbia akishikana kamba fupi na mwenzake. Mbio zikianza saa kumi na mbili na nusu, mwenye ualbino anamaliza kabla jua halijawa kali. Na asiniambie mtu kwamba sisi ni wa kutazama: Tembo Warriors, vijana wetu wanaocheza soka kwa magongo, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka 2022. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tangu 2010. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliouridhia 2009, ibara ya 30, unataka tushiriki michezo ya wote na pia tupate ile ya kwetu.

Bonanza letu lijalo ni Jumamosi ya pili ya mwezi. Rampu naweza kuisubiri. Ufunguo wa lango naomba akabidhiwe mama muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara. Yule tangu alfajiri yupo palepale.

Msomaji, Dar es Salaam