Maswali ya Wasomaji: Picha za Kampuni na Karatasi Zake

Barua za mwezi huu kuhusu upigaji picha wa biashara zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua tatu, na zile zinazouliza kamera ipi ni bora nimeziweka kando, maana swali hilo jawabu lake hubadilika kila mwaka na wauza kamera wanalijibu bila ya kuombwa.

Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mpiga picha wa Jang'ombe. Hoteli moja ya pwani ya mashariki iliniita nipige picha za vyumba, mkahawa na ufukwe. Tulikubaliana bei kwa mdomo, nao wakasema picha ni za tovuti yao. Baada ya miezi minne nimeiona picha yangu kwenye bango kubwa la barabarani, na jamaa yangu aliyeko Ujerumani amenitumia kijitabu cha wakala wa safari chenye picha zangu nyengine tatu. Je, ninaweza kudai? Na hoteli ya pili, ambayo bado tunazungumza, inataka nikabidhi picha zote pamoja na zile ghafi. Nifanyeje?

Wa alaykumu ssalaam. Kudai unaweza, ila unadai ukiwa umesimama kwenye mchanga. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, tangu mwaka 1994, ambao msingi wake mmoja ni kwamba haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila ya kusubiri isajiliwe. Hayo yote ni mazuri kuyajua. Lakini ugomvi wako na hoteli hauhusu nani aliyebonyeza kamera, kwani hilo hawalikatai. Unahusu ruhusa uliyoitoa ilifika wapi, na ruhusa hiyo ilitamkwa mezani, baina ya vikombe viwili vya chai, na afisa masoko ambaye huenda sasa keshahamia hoteli nyengine.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua yoyote, ipekue simu yako. Watu wengi husema "tulikubaliana kwa mdomo" na huku wana ujumbe wa mteja ulioandikwa "tunahitaji picha za tovuti mpya, tafadhali leta bei". Ujumbe huo una tarehe na una jina la aliyeuandika. Ukiupata, waandikie kwa adabu, uambatanishe ujumbe huo na picha ya bango, kisha weka ankara ya matumizi ya ziada: bango kwa muda kadhaa, kijitabu kwa toleo moja. Usianze kwa kutaja mahakama. Hoteli nyingi zikiletewa ankara yenye maelezo ya kueleweka hulipa au huomba kupunguziwa, na hata hiyo nafuu kuliko kumpoteza mteja na pesa kwa pamoja. Ukikosa ujumbe wowote, waandikie vilevile, lakini usiweke matumaini makubwa.

Kwa hoteli ya pili, hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Mpiga picha wa harusi huuza kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo hukaa katika albamu ya wenyewe. Anayepigia kampuni huuza picha ambayo itatumwa kazini, na bei yake hutegemea kazi hiyo. Picha ileile ya kitanda chenye neti nyeupe inaweza kukaa katika tovuti mwaka mmoja, au ikatundikwa uwanja wa ndege, au ikauzwa na mawakala kumi wa Ulaya kwa miaka mitano. Uliza mambo matatu kabla hujataja bei: itatumika wapi, kwa muda gani, na nani mwengine atapewa. Majibu yake yaandike katika karatasi moja tu, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote anayoisoma mteja, na nyote wawili mtie saini. Sijapata kuona mteja wa maana aliyeikimbia karatasi ya namna hiyo. Wanaoikimbia walikuwa na sababu yao tangu mwanzo.

Picha ghafi ni jambo jengine. Mteja wa biriani hadai apewe na mchele uliobaki jikoni. Faili ghafi ni picha ambayo haijamalizwa, na akiihariri mtu mwengine vibaya, jina litakaloharibika ni lako. Wengine katika kazi hii huziuza, na sisemi ni haramu, ila ziwekee bei yake mbali na iwe kubwa. Kumbuka pia kwamba mwenye kuhifadhi asili ndiye mwenye mali. Pita Mtaa wa Kenyatta, pale Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, utazame wageni wanavyonunua picha za Zanzibar ya zamani: picha hizo zipo leo kwa sababu negativu zilibaki studioni. Faili ghafi ndizo negativu zako.

Na kwa kuwa umetaja ufukwe, ongeza mstari mmoja katika karatasi hiyo: siku ya kupiga picha utaichagua wewe kwa kutazama maji. Pwani ya Paje na Jambiani maji yakipwa huenda mbali sana, na mteja aliyezoea kuuza bahari ya buluu atakabidhiwa picha ya matope na mwani. Maji kujaa husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki moja ikikukatalia, ya pili itakukubali. Muulize mvuvi yeyote siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, atakupangia ratiba vizuri kuliko programu ya simu. Asubuhi jua linachomoza baharini upande huo. Anayetaka jua likizama majini mpeleke Kendwa au Nungwi, na mwambie awahi, kwa sababu kwetu huku karibu na ikweta jua huanguka wima na mwanga mzuri wa jioni haukai.

Wanawake wanaolima mwani wasiingizwe katika tangazo la hoteli kwa sababu tu wamepita mbele ya lenzi yako. Waulize, waeleze picha inakwenda wapi, walipwe, na ruhusa yao iandikwe. Vivyo hivyo kwa wapishi na wahudumu: mtu kuajiriwa na hoteli hakumaanishi kwamba uso wake umeajiriwa pia.

Maalim, shikamoo. Nilipiga picha futari ya kampuni moja katika ukumbi wa hoteli hapa mjini. Picha nyingi zimetoka na mistari ya kiza iliyopita katikati, kanzu za wageni zimekuwa za kijivu, na nyuso ni nyeusi hazisomeki. Mteja ameniuliza kama kamera yangu ni mbovu. Je, ni mbovu? Mimi ni kijana wa Mwanakwerekwe, nina mwaka wa pili katika kazi hii.

Marahaba, mwanangu. Kamera yako ni nzima, na maradhi uliyoyataja ni mawili tofauti.

Mistari inatokana na taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kisasa za kumbini hupanda na kushuka mwanga mara 100 katika sekunde hiyo moja. Jicho halioni. Kamera ikifungua kwa sekunde 1/500 inanasa kipande tu cha kupanda au kushuka huko, na kwa kuwa kihisio, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, husomwa mstari baada ya mstari, hasa ukitumia ile shata (kilango cha mwanga) ya kimyakimya, sehemu moja ya picha hupata mwanga na nyengine hukosa. Rudi kwenye 1/100 au 1/50, tumia shata ya kawaida, na mistari mingi itaondoka. Skrini kubwa ya nyuma ya jukwaa ina tabia yake peke yake, kwa hiyo fika saa moja kabla, mwombe fundi aiwashe, upige picha za majaribio kwa kasi mbalimbali mpaka upate inayokubaliana nayo. Watu wa kiyoyozi na viti watakushangaa unapiga picha ukumbi mtupu. Waache.

Kanzu ni habari nyengine, na inatuhusu sisi wa visiwani kuliko wanavyodhani waliotengeneza kamera. Kipima mwanga hudhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha wastani. Mpe meza ya wanaume wanane waliovaa kanzu nyeupe na kofia, ataona weupe umezidi na ataushusha. Kanzu zinakuwa za kijivu na nyuso zinazama. Geuka umpe meza ya kina mama wenye mabuibui meusi, atafanya kinyume, na nyuso zitachujuka. Katika futari moja utageuka baina ya meza hizo mara mia. Usimwachie kamera aamue. Pima mwanga kwenye uso wa mtu mmoja pale ukumbini, weka mwenyewe kasi, kipenyo cha lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), kisha uyaache hivyo alimradi taa hazibadiliki. Ukilazimika kutumia mpangilio wa kamera, ongeza hatua moja ya mwanga kwa meza ya kanzu na upunguze kidogo kwa meza ya mabuibui. Piga ghafi, ili nyuzi za darizi katika kanzu zisipotee.

Flashi ielekeze juu, kwenye dari jeupe, mwanga urudi laini. Hilo linawezekana katika hoteli mpya. Katika majumba ya Mji Mkongwe dari ni la juu na boriti zake ni nyeusi. Hakuna kinachorudi hapo, betri zitakwisha na uso wa mgeni rasmi utabaki kizani. Huko chukua mwavuli au kitambaa cheupe na msaidizi wa kukishika.

Nikueleze na aibu yangu, ili usirithi. Miaka mingi nyuma niliitwa ufunguzi wa ofisi ya kampuni moja. Nilikaa ndani ya gari lenye kiyoyozi mpaka msafara ukafika, nikashuka mbio, nikainua kamera, mgeni rasmi akainua mkasi, nami nikaona ukungu mtupu. Lenzi ilikuwa baridi, hewa ya nje ina unyevu, na mvuke uliganda juu ya kioo. Nilifuta, ukarudi, nilifuta tena, ukarudi. Utepe ulikatwa, watu wakapiga makofi, na picha pekee ya tukio ilipigwa kwa simu na mlinzi wa lango. Tangu siku hiyo mkoba wangu huutoa nje nusu saa kabla, kamera ikiwa ndani yake imefungwa, ipate joto polepole. Nyumbani huiweka katika sanduku lenye chembe za kunyonya unyevu, kwani kuvu akishaota ndani ya lenzi, fundi wa kumtoa ni taabu kumpata.

Maalim, mimi ni mwanamke wa Wete, Pemba. Napiga picha za harusi upande wa wanawake kwa miaka sita. Nataka kuingia katika kazi za makampuni na mashirika, lakini nasikia wanalipa baada ya siku 60, na wengine hukata pesa wakisema ni kodi. Tena nikiitwa Unguja, nauli inanimaliza. Nianzie wapi?

Dada yangu, umekwisha kuanza, ila hujalitambua. Miaka sita umeingia kumbi ambazo simu huzuiwa mlangoni na ambako picha moja ikivuja inaweza kuvunja nyumba. Hakuna sifa ambayo afisa uhusiano wa benki au wa shirika la afya ya mama na mtoto angeitaka zaidi ya hiyo. Iandike katika barua yako ya kwanza, mstari wa juu, na usipeleke albamu ya maharusi kuwa kielelezo, maana hizo si zako kuzionyesha. Omba ruhusa upige mkutano mmoja wa skuli au semina ya ushirika wa akina mama, upate picha 20 za kuonyesha.

Jisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, upate na namba ya mlipakodi, kwani bila ya hizo kampuni haiwezi kukuingiza katika malipo yake. Makato uliyoyasikia ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada, ambayo kampuni huipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa niaba yako. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, ndiyo maana hata Pemba anayeikusanya ni TRA. Pesa hiyo haijapotea. Dai cheti chake kila mara, ukihifadhi, utakipunguza katika kodi yako ya mwaka. Wanaokata bila ya kutoa cheti wapo, na hao waandikie siku hiyohiyo.

Kuhusu siku 60, omba arubuni ya nusu kabla ya kazi na uiandike katika profoma, yaani ankara ya awali. Piga na hesabu zako. Tuseme vifaa vyako vimekugharimu shilingi 12,000,000 na vitadumu miaka minne: ni 3,000,000 kwa mwaka. Ukipata siku 60 za kazi katika mwaka, vifaa pekee vinakula shilingi 50,000 kila siku ya kazi, hujala wewe, hujahariri, hujalipa umeme. Anayekupa 80,000 kwa siku nzima amekuajiri kwa 30,000. Tafuta wateja kuanzia Aprili, kwa sababu taasisi za Serikali mwaka wao wa fedha unamalizika tarehe 30 Juni na zipo zinazotaka picha za ripoti kabla ya hapo.

Na nauli ya boti, pamoja na malazi ya usiku mmoja, uiandike katika mstari wake peke yake, usiichanganye na ada. Mhasibu akitaka kupunguza, hupunguza ada. Tiketi yenye bei iliyochapishwa hana la kuibishia.