Shemeji hakukufukuza, amekuuliza tarehe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Makambako, nina duka la nguo. Mwezi wa tano nilishuka Dar kufuata mzigo Kariakoo, nikafikia kwa shoga yangu niliyesoma naye sekondari. Anaishi Kimara na mumewe, watoto wawili na mdogo wa mumewe. Nilipanga kukaa siku nne ila mzigo ukachelewa. Walinipokea vizuri, lakini mume wake ni mtu wa kununa na bahili, hela ya matumizi anaiacha kwa kuhesabu wakati ana karakana yake ya kuchomelea mageti. Yule mdogo wake naye alihamia kulala karakana, ikawa hata salamu yake ni ya kuvuta.*

*Siku ya kumi na tisa shoga yangu alinipa kapu na shilingi 60,000, akasema, "Leo nenda wewe sokoni, hiyo ni ya chakula cha wiki." Kwa moyo wa kuwashukuru nikaenda Feri, nikanunua changu kilo mbili kwa 26,000 na kamba nusu kilo kwa 11,000. Niliogopa samaki wataharibika kwenye mwendokasi, nikaita bajaji kwa 12,000. Kuparua, nazi, ndimu na viungo vikala 7,000. Nilipika, wakala wote mpaka wakajilamba, na mume akasema asante shemeji. Nikapiga picha nikaweka status, shoga yangu akaichukua akaiweka na kwake. Usiku huohuo mama mkwe wake akapiga simu kutoka Mkuranga kwa maneno makali, eti yeye kaambiwa asubiri hela ya dawa za presha, kumbe watu wanakula kamba. Asubuhi mume akaniuliza mbele ya mkewe, "Shemeji, safari ni lini, tukukatie tiketi?" Niliumia sana, kesho yake nikaondoka. Sasa ni wiki ya tatu shoga yangu hapokei simu zangu, najua amekatazwa. Nimsaidieje mwenzangu aliyeolewa na mtu wa aina hii? Nafikiria kumweleza mama yake mzazi.*

Marahaba mwanangu. Pole. Kuulizwa siku ya kuondoka kunachoma, hata muulizaji akiweka sauti ya chini na kukuita shemeji.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila nikiisoma nakutana na mwanaume mwingine, siye huyo unayenieleza. Huyu wa kwenye barua alikulaza kwake siku kumi na tisa. Alikula chakula ambacho kilikuwa kimemmalizia hela ya wiki nzima, akasema asante. Akasikia mama yake mzazi akilia kwenye simu, akalala nalo. Kulipokucha hakukusema pembeni wala hakumtuma mkewe aje kukunong'oneza. Alikuuliza mbele ya mkewe, kwa heshima, na nauli akataka kukulipia. Hapo ubahili uko wapi? Bahili hakati tiketi ya mtu mwingine.

Nimetafuta pia mahali ulipotia mkono kwenye pochi yako, sikupaona. Wewe ni mfanyabiashara, ulishuka mjini na hela ya mzigo, lakini katika siku zote hizo hakuna mkate ulioununua, hakuna kilo ya sukari, hakuna hata mfuko wa mkaa. Wala hukuniambia ulishuka na nini kutoka nyumbani. Unatoka Makambako, mwanangu, ambako barabara ya Mbeya na ya Songea zinakutana, mabasi yanapita mlangoni pako usiku na mchana. Mkoa wa Njombe wote ni viazi, maharage na parachichi. Debe moja la viazi chini ya basi lingekusumbua nini? Mkono mtupu haulambwi, na wako ulifika mtupu ukakaa mtupu mpaka ulipopewa hela ya wenyewe uishike.

Hilo la mzigo kuchelewa nalo halikukaa vizuri. Kariakoo mtu analipia, mzigo unafungwa, unapelekwa kwenye basi au lori, na mara nyingi unamtangulia mwenyewe nyumbani. Ukikosekana leo unaacha maagizo unaondoka. Siku nne zikawa kumi na tisa kwa sababu ulikuwa unapata raha. Raha si dhambi, ila isimpe mwenzio lawama.

Halafu yule kijana. Unasema alihamia karakana na salamu yake ilikuwa ya kuvuta. Mwanangu, yule alikuachia kitanda! Nyumba ina mume, mke, watoto wawili na shemeji mtu, wewe ukaongezeka, na mmoja wao akabeba shuka akaenda kulala kwenye vyuma na moshi wa kuchomelea, na mbu, usiku kumi na tisa. Wewe uliona kukosa salamu ndefu. Mimi nimemwona yeye asubuhi, mgongo unamuuma, anaingia ndani kuoga, anakukuta umelala.

Sasa tufike kwenye ile 60,000, maana ndiyo barua yenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Mjini hakuna shamba. Jembe la mjini ni kapu la sokoni. Shoga yako alilishika jembe hilo siku kumi na sita zaidi ya ilivyotakiwa kwa sababu anakuonea aibu, anakupenda, mmesoma wote. Siku aliyokupa alikuwa anakuambia bila kufungua mdomo: tazama, hiki ndicho tulicho nacho, kwa wiki, kwa vinywa sita. Alitamka neno wiki. Wewe mwenyewe umeniandikia neno hilo. Ukachukua 56,000 ukalisha mlo mmoja, ukarudisha 4,000.

Wala usiniambie kwamba mlo ule ulikuwa zawadi yako. Zawadi inatoka kwa mtoaji. Hii ilitoka kwa fundi aliyeinama juu ya geti la mtu, macho yanamwasha. Na karakana isikudanganye. Usione vyaelea, vimeundwa: pale kuna kodi, kuna umeme unaokata katikati ya kazi, kuna chuma cha kununua kabla mteja hajamaliza kulipa. Fundi hana mshahara wa tarehe. Wiki hii ana mageti matatu, wiki ijayo ana ahadi tupu. Mtu wa namna hiyo asipohesabu hela ya matumizi, watoto watarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Kwa kuwa ulikuwa hujui soko la Dar, nikueleze, na safari nyingine ufanye hivi. Ukikaa Kimara na mwenyeji amekupa 60,000 ya wiki, Feri si mahali pa kuanzia. Unashuka Tandale kwa nafaka: mchele kilo nne, maharage kilo mbili, unga wa sembe kilo tano. Nyanya na vitunguu ni Ilala, au unavikuta Mabibo ukiwa umefuata ndizi. Mafuta lita moja, sukari kilo moja, dagaa wa Kigoma nusu kilo, na chenji unarudi nayo mkononi ya mchicha, matembele na nazi za kila jioni pale mtaani. Wiki imekwisha, na jikoni kwa mwenzio kuna mifuko iliyosimama.

Ukitaka samaki, na mimi ni mtu wa Tanga, siwezi kukukataza samaki, basi uende Feri kama wanavyokwenda akina mama wa Dar. Wanatoka alfajiri, mashua ndiyo kwanza zinashusha. Hawaendi peke yao. Wanachangishana watatu au wanne, wananunua ndoo ya vibua pale mnadani, wanagawana kwa mafungu, kila mmoja anaondoka na samaki wa siku kadhaa kwa bei ambayo wewe hukuisikia. Samaki anafunuliwa matamvua yaonekane mekundu, anatazamwa jicho liwe limejaa na linang'aa, anabonyezwa nyama irudi. Kuparua kuna bei yake, na wanaobana matumizi wanaparua nyumbani. Kurudi, kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kiko hapohapo jirani. Samaki anawekwa barafu kidogo, anafungwa mifuko miwili, anafika Kimara salama. Hiyo bajaji ya 12,000 ilikuwa ya kukupumzisha wewe.

Kuhusu mama mkwe sitakubembeleza. Yule ni mama mwenye presha, na presha haingoji mwisho wa mwezi. Mwanawe alimwambia hana, na alisema kweli, hana. Mama akakubali, akasubiri. Halafu anaonyeshwa picha kwenye simu, kamba wamepangwa kwenye sinia kwa mwanawe. Wewe ungekuwa mama yule ungesema nini? Maneno yalikuwa makali, ndiyo, na yalitokana na mzee kudhani mwanawe amemdanganya. Picha yako ndiyo iliyomfanya kijana wa watu aonekane mwongo kwa mama yake. Hicho ndicho alicholala nacho. Hela ya samaki alishaisamehe.

Na shoga yako ana fungu lake la kosa. Aliichukua ile picha akaiweka kwake, akijua wifi zake wanaangalia. Alitaka naye aonekane anakula vizuri mjini. Hili la status limeingia kwenye ndoa zetu kama mchwa. Zamani chungu kilifunikwa. Jirani alisikia harufu tu, na hata harufu watu waliionea haya, ndiyo maana wakasema mgeni hachomi chaza mtaani akanuka. Leo sufuria linapigwa picha kabla ya baba mwenye nyumba kunawa mikono. Mume amekopa ili mle, mke ametangaza kwamba mnazo. Mwenye kumdai anaona, mama mkwe anaona, mwenye nyumba mnayemchelewesha kodi anaona. Halafu ugomvi ukianza, anatafutwa mchawi.

Na liko jingine linaloniumiza zaidi, la wanawake kutembeleana wakitafuta kasoro za waume wa wenzao. Unakaa kwa mtu wiki mbili, unaona mume hacheki asubuhi, unaona hela imehesabiwa mezani, tayari umeshatoa hukumu: mwenzangu anateseka. Umemuuliza? Katika barua yote shoga yako hakulalamika hata mara moja kuhusu mumewe. Malalamiko yote ni yako. Mwanamke ambaye mumewe anaacha hela mezani kila siku, hata ikiwa ndogo, anajua anachokishika. Nimekaa na wanawake wengi mkekani, wengi wao wanalilia hiyohiyo uliyoiona ndogo.

Mwaka 1983 sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, mchele ukisikia umefika duka la ushirika unakimbia na mfuko. Mimi nilikuwa msichana, nikaja Dar kukaa kwa mama yangu mdogo Magomeni. Mama alinifungia sukari kidogo kwenye kitambaa, akaniambia nikifika nimkabidhi mwenye nyumba kabla sijakaa kitini. Nilikuwa naona aibu, ilikuwa kidogo mno. Mama mdogo alipoipokea aliifungua, akaifunga tena, akaingia chumbani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sijawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu tangu siku ile, na umri wangu sasa ni wa bibi.

Kwa hiyo kwa mama yake mzazi usiende. Nakukataza kabisa. Ukimpelekea habari hiyo utakuwa umewagombanisha wazee kwa ajili ya nusu kilo ya kamba. Na hilo la kwamba amekatazwa simu, umelitunga mwenyewe. Mimi naona mwanamke aliyebaki na 4,000 mkononi, wiki nzima mbele yake, mume ananyamaza na mama mkwe amenuna, na anashindwa kuongea na wewe bila kukwambia ukweli. Aibu imemfunga simu.

Mwandikie ujumbe mfupi. Usijieleze, usiseme nia yako ilikuwa njema, nia anaijua. Sema: nilikosea, nilikula chakula cha watoto wako, naomba unisamehe, na unifikishie samahani kwa shemeji na kwa mama. Shemeji usimpigie mwenyewe, pitia kwa mkewe, ndiyo heshima. Pamoja na ujumbe tuma 60,000 kamili, siyo 56,000. Kama mtaji wa duka unaruhusu, ongeza ya dawa za mama wa Mkuranga, lakini itume kwa shoga yako ili mumewe ndiye ampelekee mama yake kwa mkono wake.

Halafu funga mzigo: gunia la viazi, maharage, na parachichi zisizoiva zisipondeke njiani. Upeleke kwenye basi la usiku, ulipie mzigo hukohuko mwenzio asidaiwe kitu, umtumie namba ya gari. Litashusha stendi ya Magufuli pale Mbezi, na kutoka Mbezi mpaka Kimara ni karibu, yule kijana ataufuata. Kwenye gunia weka mfuko mmoja wa parachichi pembeni, uandike jina lake juu. Ni zake peke yake, kwa kile kitanda.