Kabla Hujatia Tui la Nazi Kwenye Gumbo ya Watu

Jumamosi iliyopita sufuria yangu ya gumbo, ule mchuzi mzito wa watu wa Louisiana, iliisha. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa New Orleans, mji wa Louisiana, kusini mwa Marekani, alichukua kipande cha mkate akafuta nacho kuta za sufuria mpaka chuma kikaonekana. Hakusema neno. Alipomaliza alinawa mikono, akauliza kama kuna kingine cha kwenda nacho nyumbani. Niliingia chumbani, nikakaa kitandani, nikalia. Siku hiyo nimeisubiri miaka sita.

Usiku uleule nikafungua ujumbe wa msomaji mmoja, binti wa Kitanzania anayeishi Ohio. Ameandika: "Dada, kazini tumeambiwa kila mtu alete chakula. Nataka niwapikie cha kwao, wajue na sisi tunaweza. Nipe mbinu." Nimeusoma mara tatu. Mdogo wangu, umenirudisha mahali nisipopapenda. Nitakwenda hata hivyo, kwa ajili yako na kwa ajili ya nyote mnaotaka kupika ugenini mpaka watu waulize nani kapika.

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa jikoni. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa napika pilau ya shughuli na wakubwa wanakula wananyamaza. Kwa hiyo nilipofika Houston, Texas, sikudhani kuna sufuria duniani itakayonishinda. Nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miezi ya mwanzo naiacha, ilikuwa kazi na usingizi tu. Mwisho wa mwaka ikaja sherehe ya wafanyakazi, kila mtu na chakula chake. Nikachagua gumbo. Houston imejaa watu wa Louisiana, wengi walikuja baada ya Kimbunga Katrina mwaka 2005 na hawakurudi tena, na hao kila wakitaja kwao lazima watataja gumbo. Nikasema nitawapikia wanyamaze kama wale wa Tanga.

Nilisoma maelekezo kwenye simu mara moja. Yaliniambia nikaange unga wa ngano kwenye mafuta mpaka uwe na rangi ya chokoleti. Dakika tano zikapita, unga bado mweupe, mkono umechoka, nikamimina supu ya kuku. Ikatoka kitu chepesi kama uji wa mgonjwa. Nikatumbukiza bamia mbichi, ukavuta ule utelezi wote. Hapo nikafanya nilichokijua: tui zito la nazi, bizari, ndimu mbili. Nikaonja, kitamu. Nikafunika, nikavaa vizuri, nikaenda.

Mfanyakazi mwenzangu, mwenyeji wa Lafayette, huko huko Louisiana, alichota kijiko kimoja. Akaonja, akaweka bakuli mezani. Akasema mbele ya watu kwamba mchuzi si mbaya, ila nisiuite gumbo. Hilo ningelimeza. Lakini baadaye kidogo mtu alikuja, akafunika sufuria yangu na kuisogeza mwisho wa meza, karibu na pipa la taka, ili keki ipate nafasi. Kule kusogezwa ndiko kulikoniuma, na nikiandika hivi bado kunaniuma. Nilirudi nayo kwenye basi nimeipakata, imejaa, imepoa, mchuzi ukicheza kila dereva akifunga breki. Nikaimwaga usiku, mume wangu amelala.

Miaka miwili baada ya hapo nilikuwa mtu wa kusema yale tunayoyasema kila tukikutana: Wamarekani hawana chakula, ni baga na soda tu. Nimesema harusini, nimesema misibani. Wote mlionisikia, naomba radhi.

Tulipohamia mtaa huu ndipo nilipokutana na bibi huyu. Nilikuwa nimepanda bamia nyuma ya nyumba, nikampelekea bakuli moja. Akaniuliza kwetu tunaiitaje. Nikamwambia bamia. Akasema bibi yake mboga yenyewe alikuwa akiiita gumbo. Hakuwa anasema mchuzi, ni hiyo mboga mbichi ya kijani. Nikaenda kutafuta, na nilichokipata kilinikalisha chini. Neno gumbo linatokana na kingombo, jina la bamia kwa Kimbundu cha Angola. Kimbundu ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili chetu, na hiyo ki- ni ile ile ya kijiko na kitunguu. Watu waliokamatwa, wakafungwa minyororo, wakavushwa bahari ya Atlantiki bila kuachiwa hata majina yao, jina la mboga lilibaki mdomoni. Mimi nilikuwa nacheka chakula cha ndugu zangu.

Na ndani ya sufuria ile hawamo peke yao. Kukaanga unga kwenye mafuta, wenyewe wanaita ruu, ni jambo la Wafaransa, walioanzisha mji wa New Orleans mwaka 1718. Ule unga wa kijani wanaounyunyiza mwishoni, file, ni majani ya mti wa msasafrasi yaliyokaushwa na kusagwa, maarifa ya Wachoctaw, wenyeji wa asili waliokuwapo kabla ya wote. Wakaja Waakadia, Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza kutoka mashariki ya Canada mwaka 1755. Walitangatanga, wengi wakaishia kwenye vinamasi vya Louisiana, na watoto wao ndio Wakajuni wa leo. Mchele wa kulia gumbo nao una historia yake: Waafrika walioletwa Louisiana walikuwamo waliotoka nchi za wakulima wa mpunga, wakijua kuulima kuliko mabwana zao. Sasa mimi nakuja na tui langu juu ya watu wote hao bila hata kubisha hodi!

Bibi alinifundisha kwa kusimama nyuma yangu. Kikombe kimoja cha mafuta, kikombe kimoja cha unga, sufuria nzito ya chuma, moto wa wastani, mwiko wa mbao wenye ncha bapa ili ufike pembeni. Alinizuia kushika kitu kingine. Unga unaanza kama mchanga wa pwani. Dakika ya kumi na tano hivi unakuwa kama karanga zilizosagwa, na jikoni kunanukia karanga za kukaanga kweli. Hapo ndipo mimi zamani ningesema umeiva. Akasema koroga. Ukageuka rangi ya senti ya shaba, ukalegea, ukaanza kung'aa. Koroga. Jasho linanitoka, nataka kubadili mkono, naye ananiangalia. Dakika ya arobaini na kitu ukawa chokoleti, harufu imekaa mpakani kabisa mwa kuungua, na hapo hapo akasukuma sinia la vitunguu maji, seleri na pilipili hoho vilivyokatwa. Shwaaa! Mvuke ukatufunika wote wawili. Mboga zile zinaupoza unga usiendelee kuungua, ndiyo maana lazima ziwe zimekatwa kabla hujawasha jiko.

Ukiona punje nyeusi kwenye ruu, mwaga, osha sufuria, anza upya. Usijidanganye kuwa supu itaficha, uchungu haufichiki. Nimemwaga mara nne.

Bamia nazo zikaange kwanza pembeni mpaka utelezi ukatike. File weka ukishaepua tu, kwani ikichemka inavutika nyuzi. Soseji yao ya moshi, andouille, kwa asili ni ya nguruwe. Mimi natumia ya ng'ombe kutoka bucha la halali, na bibi aliikubali baada ya kuionja. Yaani kubadilisha si dhambi, ila badilisha baada ya kujua. Jua kwanza.

Bibi ndiye aliyenisimulia habari za Leah Chase. Mama huyu alizaliwa mwaka 1923, akafariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, na karibu umri wake wote wa utu uzima alipika kwenye mgahawa wa Dooky Chase kule New Orleans. Enzi za ubaguzi, weusi na weupe walikatazwa kuketi meza moja, lakini kwake walikutana juu ghorofani wapigania haki, wakala gumbo na kupanga mambo yao. Kila Alhamisi Kuu alipika gumbo ya majani, na majani hayo kwa desturi huhesabiwa witiri, mara nyingi aina tisa. Barack Obama alipokwenda kula kwake akataka kutia pilipili ya chupa kwenye gumbo kabla hajaonja. Mama Chase alimkaripia. Obama, mtoto wa baba Mjaluo wa Kenya! Nami niliposikia nilihisi nimekaripiwa pamoja naye.

Ndugu zangu, tuache dharau. Tunakaa nchi za watu miaka kumi, ishirini, hatujui jirani anakula nini wala kwa nini. Gritsi mnayoicheka ni mahindi ya kuparaza, urithi wa wenyeji wa Marekani, uji mzito ambao Mswahili yeyote angeutambua akifumba macho. Ile sahani ya kunde na wali wanayokula watu wa Kusini kila Mwaka Mpya, pembeni majani ya ukoo mmoja na sukuma wiki, utasemaje haikuhusu? Maharage mekundu ya New Orleans yalipikwa Jumatatu kwa sababu Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, sufuria ikaachwa ichemke taratibu mama akiwa kwenye beseni. Mama zetu si ndivyo walivyofanya? Kabla hujasema hawana chakula, uliza. Uliza, halafu onja, halafu ndipo useme.

Sasa wewe mdogo wangu wa Ohio. Sitakuambia upike gumbo, huko siko kwake. Cincinnati ipo jimboni mwako, na watu wa huko wana mchuzi wao wa nyama ya kusaga wenye mdalasini, unaomwagwa juu ya tambi na kufunikwa na jibini iliyokwaruzwa mpaka tambi hazionekani. Uliuzwa kwanza mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Kiradjieff, wahamiaji kutoka Makedonia, watu waliofika ugenini na viungo vyao kama wewe na mimi. Mdalasini kwenye nyama, mtoto wa Kitanzania hafundishwi. Lakini usikimbilie jikoni. Kesho kazini mtafute mtu mzima aliyezaliwa hapo, muulize mama yake alikuwa akipika nini nyumbani baridi ikizidi. Huenda si hicho kabisa. Msikilize amalize, andika, pika nyumbani mara mbili kabla ya siku yenyewe.

Na akikujibu gumbo, maana watu wanahama, basi kata mboga usiku, simu iache chumba kingine, uwashe jiko saa mbili asubuhi. Tui liache kwenye friza.